Wachelewaji Msijisumbue

Kila tarehe ishirini na tano, baada ya chakula cha mchana, Katibu alizima mashine ya kukatia lenzi, akajifuta unga wa kioo vidoleni, akaandika orodha ya matukio ya mwezi unaofuata. Kazi iliyomlipa ilikuwa hiyo ya lenzi, katika chumba cha nyuma cha duka la miwani. Kazi ya orodha haikumlipa hata ndururu, na ndiyo maana hakuwahi kuikosea tarehe.

Alikuwa katibu wa chama cha watengeneza gemu wa mji ule. Chama ni neno kubwa kidogo. Walikuwa watu wapatao sitini ambao siku za kazi walifanya shughuli zinazoeleweka, huyu mkutubi, yule fundi wa lifti, wale wawili wauguzi, na muda uliobaki walitengeneza michezo ya video ambayo hakuna kampuni iliyowatuma kuitengeneza. Ofisi hawakuwa nayo. Walikuwa na chumba cha kuazima juu ya duka la magodoro, wakakalia magodoro mapya yaliyokuwa bado ndani ya nailoni. Mtu akijigeuza, nailoni inalia, na chumba kizima kinajua nani amechoka.

Orodha ya mwezi ule ilikuwa hivi:

*Jumamosi ya kwanza: Mashindano ya kutengeneza mchezo ndani ya saa arobaini na nane. Njoo na mto wako wa kulalia. Mwaka jana mito miwili ilipotea, na waliochukua wanajijua.*

*Jumatano ya pili: Mazungumzo. Fundi wa Lifti ataeleza mchezo wake wa lifti. Ataeleza kwa dakika kumi. Tumeshaongea naye.*

*Jumamosi ya tatu: Siku ya majaribio, ya mwisho kabla ya Maonyesho. Utajaribiwa mchezo wa Katibu uitwao "Hodi". Waliojaribu mpaka sasa ni arobaini na mmoja. Waliopita mlango, hakuna.*

*Mlango wetu unafungwa saa nane kamili mchana. Wachelewaji msijisumbue.*

Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwamo kila mwezi, mwaka wa nne sasa.

Akituma tu, majibu yanaanza kuingia, na wote wanaandika neno lilelile: *Nitakuwepo.* Ahadi ni deni, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuita mkutano wa watengeneza gemu. Wakiandika arobaini, wanakuja tisa. Katibu alishazoea kupanga vikombe tisa.

Namba moja haikuwahi kujibu chochote. Kwenye simu iliandikwa "Kaka", na ilikaa katikati ya "Jirani wa Juu" na "Kamati". Alikuwa kaka yake wa tumbo moja, fundi bomba katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Walikuwa hawasemezani. Siku mama yao alipofariki, kaka alipigiwa simu alfajiri, akasema anakuja. Wakamngoja. Wakamngoja mpaka watu wakaanza kutazamana, halafu wakazika. Alifika udongo bado mbichi, na Katibu, mbele ya shangazi zake wote, alimtazama toka kichwani mpaka viatuni, akamwambia neno moja tu: "Umechelewa."  Kesho yake kaka alipanda basi akarudi kwake, na toka hapo ikawa kila mtu na lake.

Lakini namba yake ilikuwa kwenye orodha tangu enzi za heri, na Katibu hakuiondoa. Kuiondoa kungekuwa kumwambia jambo, naye alishaapa kwamba hamwambii jambo. Kwa hiyo kila mwezi, kwa miaka minne, ndugu yake wa pekee duniani alipokea kutoka kwake habari za mito iliyopotea.

Sasa hayo majaribio. Chama kile kilikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko zote. Mchezo ukiwekwa mezani, mtu ambaye hajawahi kuucheza anakaa mbele ya skrini na kushika pedi yenye vitufe vya kuchezea, na aliyeutengeneza anakaa nyuma yake kwenye Kiti cha Kimya. Kilikuwa kiti cha plastiki, mguu mmoja umeungwa kwa waya. Aliyekikalia hakuruhusiwa kusema, kuonyesha kidole, kutikisa kichwa, wala kukohoa kikohozi chenye maana. "Mtu akiununua mchezo wako," Mwenyekiti alipenda kuuliza, "utamfuata nyumbani kwake ukamwelekeze?" Mtengenezaji akifungua mdomo, jaribio limefutwa, naye anaosha vikombe vya chama mwezi mzima. Jaribio lilifutwa pia kama mchezaji ni ndugu wa mtengenezaji. Hilo lilitokana na mmoja wa wale wauguzi, ambaye alimleta mama yake mzazi, na mama akasifia mpaka sehemu ambazo zilikuwa hazijatengenezwa.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa hesabu. Sheria kwake zilikuwa kama chumvi kwa watu wengine. Hata penye nyingi alionja na kuongeza.

Maonyesho yalifanyika mara moja kwa mwaka kwenye ukumbi wa maktaba ya mji. Meza kumi na mbili, michezo kumi na miwili, na watu wa kawaida wanaingia na watoto wao kucheza. Ili upate meza, lazima mchezo wako uwe umemalizwa na angalau mtu mmoja asiyesaidiwa. Meza kumi na moja zilishapata wenyewe. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Katibu endapo angepatikana huyo mtu mmoja. Asipopatikana, ingewekewa birika la chai.

Katibu aliitaka meza ile. Hakumwambia mtu ni kwa kiasi gani, lakini aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu afiwe. Nyumba ya mama yao ilishapata wapangaji wengine, na mlango wake wa mbao wa rangi ya buluu uling'olewa ukawekwa wa chuma. Mlango wa buluu ulibaki sehemu moja tu, ndani ya kompyuta yake, ambamo aliuchora upya ubao kwa ubao kwa miaka mitatu. Alitaka watu, hata wasiomjua Mama, wasimame pale wafunguliwe.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyefunguliwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Unatembea njia fupi, unafika mlangoni, unabonyeza kitufe, maandishi yanatokea: *Hodi.* Basi. Baada ya hapo, watu arobaini na mmoja walifanya kila kilichowajia akilini. Walibisha mara mia. Walifunua mkeka wa mlangoni, wakapekua vyungu vya maua, wakazunguka nyumba, wakajaribu madirisha. Mkutubi alitafuta ufunguo mpaka shimo la taka. Fundi wa Lifti alijaza fomu yake ya maoni kwa maneno mawili, *Mlango mbovu*, akaweka na sahihi.

Ufunguo haukuwapo, na mlango haukuwa na ubovu wowote. Mama alikuwa na magoti mabovu na kiburi kizima. Kutoka jikoni hadi mlangoni ilimchukua dakika mbili na sekunde kumi, akiburuza kandambili zake, na ukibisha tena alisimama palepale alipofika ili apate nafasi ya kugomba: "Nimesikia! Mimi si kiziwi!" Halafu anarudi kukaa apumzike, na safari inaanza upya. Watoto wake wawili walilijua hilo kabla hawajajua kusoma. Piga hodi mara moja, kunja mikono, ngoja. Katibu aliliweka hivyohivyo kwenye mchezo: ukibisha, kandambili zinaanza kuja, kwa mbali sana, ukigusa kitufe chochote, zinasimama na hesabu inarudi mwanzo.

Ila aliwatengenezea watu ambao vidole vyao havijui kutulia. Mcheza gemu akikutana na mlango uliofungwa, hatulii kwanza akafikiri. Hufikiri huku anabonyeza. Aliyekaribia kuliko wote alikuwa huyohuyo Fundi wa Lifti, aliyefikisha dakika moja na sekunde hamsini kwa sababu alikuwa anatafuta leso. Katibu alikuwa nyuma yake, ameuma ulimi. Fundi akaipata leso, akapenga kamasi, akabonyeza.

"Weka dokezo," Mwenyekiti alimshauri wiki moja kabla ya siku ile ya mwisho. Alikuwa amekuja dukani kuchukua miwani yake. "Weka hata mshale."

"Mlango wa mtu hauwekwi mshale."

"Basi tafuta namna. Sisi tunaohudhuria wote tumeshaujaribu na kushindwa, hatuhesabiki tena. Umebakiza mgeni mmoja Jumamosi, yule muuza viatu. Akishindwa na yeye, ni birika la chai." Akaijaribu miwani, akaona sura ya Katibu, akamwonea huruma. "Lakini usikate tamaa. Subira huvuta heri."

Katibu alimkodolea macho aone kama mwenyewe amesikia alichosema. Hakuwa amesikia. Alikuwa anabonyeza kengele ya kaunta, mara ya nne sasa, na mhudumu alikuwa amesimama mbele yake.

Jumamosi ya tatu, muuza viatu hakuja. Alikuwa ameandika *Nitakuwepo* na alama tatu za mshangao, na Katibu angepaswa kujua toka hapo. Ilipofika saa nane kasoro dakika tatu, mezani palikuwa na kompyuta, pedi na kiti kitupu. Katibu alikuwa ameshakalia Kiti cha Kimya, maana sheria ilitaka mtengenezaji akae kabla mchezaji hajaingia, wasije wakanong'onezana. Watu wanane walikuwa kwenye magodoro. Mwenyekiti alisimama mlangoni, mkono kwenye komeo, macho kwenye saa.

Nyayo zikasikika ngazini. Zilikuwa nzito, hazina haraka.

Aliyeingia alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti la kazi, mkononi begi dogo, na kwapani mto wa kulalia.

"Samahani," alisema. "Sikuwa na hakika kama mto ni wa siku zote au wa mashindano tu."

Katibu alihisi kiti kinayumba chini yake, ingawa mguu wenye waya ulikuwa imara siku hiyo.

"Ni wa mashindano tu," Mwenyekiti alisema, "lakini karibu, ndugu, karibu sana. Umekuja kujaribu?"

"Niliona kwenye orodha."

"Umewahi kuucheza mchezo huu?"

"Hapana."

"Unamfahamu mtengenezaji?"

Kaka alimtazama dada yake. Mvi zilikuwa zimempanda upande mmoja tu, juu ya sikio, kama za baba yao. "Zamani kidogo," alisema.

"Zamani haihesabiki," akakatiza Mwenyekiti, ambaye hakuwa tayari kumpoteza mgeni kwa ajili ya utafiti. Katibu akafungua mdomo. Mwenyekiti akainua kidole. "Katibu. Umeshakaa."

Katibu akafunga mdomo.

Kaka aliweka begi chini, akaweka mto juu ya begi, akapita kati ya magodoro. Akasimama mbele ya mmoja wao. "Wewe ndiye wa lifti?"

"Ndimi," alisema Fundi wa Lifti.

"Uliongea dakika ngapi?"

"Hamsini."

"Nilijua tu," alisema kaka. Akamgeukia mkutubi. "Na ile projekta iliyoungua mwaka juzi, ilipata vipuri?"

Mkutubi alijibu kwamba haikupata, halafu akabaki kushangaa amejibu nani. Kule nyuma, kwenye kiti cha plastiki, Katibu alielewa. Kaka alikuwa anazisoma. Zote. Orodha baada ya orodha, kwa miaka minne, kila mstari. Alitaka kusema kitu, na bahati mbaya hata kukohoa hakuruhusiwa.

Kaka alikaa. Aliishika pedi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu wengine. Mwenyekiti akaanzisha mchezo na saa yake kwa pamoja, akatangaza sheria za mwisho: mtengenezaji haongei, na mchezaji akikaa dakika tatu bila kubonyeza kitu, amesalimu amri.

Kwenye skrini njia fupi ilitokea. Kaka akaifuata, akagonga ukingo wa maua, akarudi, akafika. Mlango wa buluu ukajaa skrini. Chini, upande wa kushoto, ulikuwa na mkwaruzo mrefu ambao wajaribu wote waliupapasa wakidhani ni alama ya siri. Haukuwa wa siri. Ulikwaruzwa na usukani wa baiskeli, na aliyekuwa juu ya baiskeli alikuwa na miaka tisa na aliambiwa asipande.

Kaka aliutazama mkwaruzo ule. Kisha akabonyeza mara moja.

*Hodi.*

Akaiweka pedi mapajani. Akakunja mikono.

Chumba kilingoja afanye kitu. Nailoni ililia hapa, ikalia pale. "Bonyeza," mkutubi alinong'ona, Mwenyekiti akamkata jicho. Dakika ya kwanza ikapita. Wauguzi wakatazamana kitaalamu, mmoja akainama kidogo aone kama mgeni anapumua. Kwa mbali, ndani ya spika, kulikuwa na mburuzo mdogo ambao wote walidhani ni feni ya kompyuta.

Katibu alihesabu kimoyomoyo. Moja na arobaini. Moja na hamsini, hapo ndipo leso ilipopatikana. Mikono ya kaka haikufunguka. Dakika mbili. Mwenyekiti alikuwa ameshainua kalamu tayari kuandika, dakika ya tatu ikifika, kwamba mchezaji wa arobaini na mbili amesalimu amri.

Mlango ukafunguka.

Hakuna aliyepiga makofi; walikuwa wamesahau kwamba mlango ni kitu kinachofunguka. Kizingitini alisimama mama mfupi mwenye kitambaa kichwani na mwiko mkononi, na chini yake maneno yakajiandika polepole: *Umechelewa. Ingia ule.*

Ndivyo Mama alivyomkaribisha kila mtu. Ukialikwa saa saba ukafika saa sita, umechelewa, ingia ule. Hata wakagua mita za maji waliambiwa hivyo. Nusu ya kwanza ilikuwa ya magoti yake, nusu ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Katibu, siku ile ya msiba, alisema nusu ya kwanza akaishia hapo. Akayabeba yale maneno mawili yaliyobaki kwa miaka minne, akayaandika kwenye mchezo, akayafungia nyuma ya mlango ambao ni watu wawili tu duniani waliojua kuufungua, na mmoja wao alikuwa yeye.

Vilivyobaki havikuwa vigumu. Unaingia, unakula, unaosha sahani, unaaga. Dakika tano kwa mtu mzito. Meza ya kumi na mbili ilikuwa imekaribia kiasi kwamba Mwenyekiti alishaanza kutabasamu.

Kaka hakuigusa pedi. Alizungumza bila kugeuka, macho yake kwa yule mama mwenye mwiko.

"Kwa kuwa huruhusiwi kunijibu," alisema, "ndiyo maana nimekuja leo. Nilitafuta siku ambayo utanisikiliza mpaka mwisho, nikaona ni hii tu. Mdogo wangu, sikucheleweshwa na basi. Shangazi waliniuliza nikawaambia ni basi, lakini haikuwa basi. Nilifika stendi saa moja asubuhi. Nikakaa kwenye benchi. La kwanza likaondoka nalitazama. La pili likaondoka. La tatu kondakta alinishika mkono kabisa, nikamwambia nangoja mtu. Niliogopa. Nilijua nikifika nitapiga hodi na hatakuja."

Nailoni haikulia.

"Halafu ukaanza kuniletea orodha. Kila mwezi mwishoni, wachelewaji msijisumbue. Akufukuzaye hakwambii toka, nikasema sawa, nimeelewa. Nisijisumbue." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Lakini ulikuwa huachi kuleta."

Katibu aliwahi kuwaeleza wanachama kwamba sentensi ile aliiweka kwa sababu ya mwenye duka la magodoro, aliyelalamikia watu kupandapanda ngazi. Ilikuwa kweli, mwenye duka alilalamika. Ila alilalamika kwa miaka mingi bila mtu kumjali, na sentensi ilizaliwa mwezi mmoja baada ya mazishi. Hilo Katibu hakuwahi kulikubali hata peke yake, jikoni kwake, taa imezimwa. Sasa alilikubali mbele ya watu wanane na magodoro, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Haya, nimesema," kaka alimaliza. Akaishika pedi. "Ngoja nikumalizie gemu yako, nisije nikakuharibia."

Zilikuwa dakika tano tu. Katibu angeweza kuzimeza. Angekaa kama maji ya mtungi, kaka angekula, angeosha sahani, angeaga, Mwenyekiti angelihesabu lile "mdogo wangu" kuwa adabu tu, angepiga muhuri, na baada ya hapo wangezungumza wapendavyo. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini aliona ile shingo mbele yake, kola ya koti imekunjika kwa ndani, imeinama ikingoja kimya ilichokizoea. Kuna maneno mtu akikuambia, ukayanyamazia hata kwa dakika tano, ukija kuyajibu yameshaganda.

"Kaka," alisema.

Pedi ilianguka. Mwenyekiti akafumba macho.

"Kaka, siku ile sikumalizia."

Kaka akageuka. Walitazamana, yule na mto wake sakafuni, huyu na kiti chake cha waya, na Katibu akalia kilio alichokuwa amekiahirisha mara nyingi kuliko Fundi wa Lifti alivyoahirisha uzinduzi wa mchezo wake. Kaka akainuka, hakujua pa kuiweka mikono, akaishia kumpigapiga begani kama anayejaribu bomba lenye hewa.

Mwenyekiti aliwaacha kwa muda alioona unafaa, kama dakika moja na nusu. Kisha akafungua daftari.

"Sipendi kufanya hivi," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba kweli hapendi. "Neno moja, makosa mawili. Mtengenezaji ameongea. Na alichoongea kimethibitisha kwamba mchezaji ni ndugu. Jaribio limefutwa." Akaandika. Akapiga muhuri, akaupuliza ukauke, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. "Na ninyi nyote mlioona mlango unavyofunguka," aliwaambia wa kwenye magodoro, "mtafunga midomo mwaka mzima. Mchezo wa mtu huo."

"Kumbe ni kungoja tu?" aliuliza Fundi wa Lifti. "Lifti zangu zote ni kungoja. Ningejuaje?"



Vikombe vilikuwa tisa na sinki lilikuwa dogo. Katibu aliosha, kaka akakausha kwa leso ya Fundi wa Lifti mpaka alipoambiwa historia yake, akaiacha, akatumia foronya ya mto. Bomba lilivuja. Kaka alilitazama mara moja, akatoa spana kwenye begi, akalikaza, akaendelea kukausha.  Alimuuliza dada yake, kule ndani ya mchezo, kwenye sahani, aliweka chakula gani. Katibu akamwambia aje amalize mwenyewe aone.

Maonyesho yalifanyika, na meza ya kumi na mbili ilikuwa na birika la chai. Lilipata foleni kuliko mchezo wowote, jambo ambalo Mwenyekiti aliliandika kwenye taarifa ya mwaka bila kutoa maoni. Katibu alisimama nyuma ya birika akimimina. Alikuwa na huzuni, hatusemi hakuwa nayo; kila mtoto aliyenyoosha kikombe alikuwa mtoto ambaye angeweza kufunguliwa na Mama. Aliimaliza siku, akaosha vikombe, kwa kuwa mwezi wake wa adhabu ulikuwa haujaisha.

Tarehe ishirini na tano ilipofika, alizima mashine, akafuta vidole, akaandika. Mashindano, mazungumzo, siku ya majaribio. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho aliitazama sana, mpaka mhudumu wa kaunta akaja kuuliza kama lenzi za mteja zimevunjika. Kisha akaandika: *Mlango unafunguliwa saa nane mchana. Wachelewaji, ingieni.*

Akatuma. *Nitakuwepo*, wakaandika arobaini. Baadaye kidogo, kutoka katikati ya "Jirani wa Juu" na "Kamati", ikaingia ya arobaini na moja: *Huenda nikachelewa kidogo.*

Jumamosi ya kwanza walichelewa wote. Mwenyekiti mwenyewe alifika saa tisa kasorobo, amekasirika, akisema aliyajua haya toka alipoisoma ile sentensi. Mtu pekee aliyewahi alikuwa fundi bomba kutoka mbali. Katibu alipopanda ngazi na funguo mkononi alimkuta juu kabisa, mbele ya mlango, amekalia mto wake. Alikuwa pale tangu saa saba. Alikuwa amebisha mara moja, amekunja mikono.